Nyuzi Kumi na Sita za Jicho la Kulia

Nilipoambiwa nitashonwa jicho, nilifikiria kidonda cha kawaida. Nimeshonwa mara mbili maishani, mguuni kwa sababu ya panga na kichwani kwa sababu ya fimbo ya mwenzangu tulipokuwa machungani, na mara zote mbili mganga wa zahanati alinitazama baada ya siku kumi, akakata, akavuta, tukaagana. Kwa hiyo nilimwambia mke wangu, Paskalina, tuhesabu wiki mbili. Masika mawili yamepita tangu siku hiyo, na ninapoandika haya bado nina nyuzi tano ndani ya jicho.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyekaa nyumbani na kikinga cha plastiki usoni, ambaye kila anayeingia mlangoni anakwambia subira yavuta heri. Mimi sitakwambia hivyo. Niliisikia methali hiyo mpaka nikatamani kumjua aliyeitunga, nimuulize kama aliwahi kushonwa jicho. Nitakwambia tu yaliyonipata, pamoja na kosa langu ambalo nusura liniondolee jicho, ili wewe ukikosea, ukosee lako jipya.

Nimezaliwa Olbalbal, chini ya milima ya kreta. Nililetwa Karatu kusoma sekondari, nikabaki. Nauza kwenye duka la dawa za mifugo karibu na soko. Bosi wangu ni Mchaga wa Rombo, sote tunamwita Mangi, na aliniajiri kwa sababu moja: wafugaji wanaoshuka kutoka Nainokanoka na kwingineko wanataka kuelezwa kwa Kimaasai dawa ya minyoo inapimwaje na dawa ya kupe inachanganywa na maji kiasi gani. Kazi yangu ni kusoma maandishi madogo ya kwenye chupa na kuyasema kwa lugha ya mtu aliye mbele yangu. Ukiondoa macho hapo, unabaki mdomo mtupu.

Macho yaliniwasha tangu utotoni. Kulikuwa na moshi wa ndani ya nyumba, vumbi la nje, na mimi kazi yangu ilikuwa kufikicha. Daktari alikuja kunieleza kwamba kioo cha mbele cha jicho, wanachokiita konea, kilikuwa kimelegea na kuchongoka. Mimi nilichojua ni kwamba kila taa ilikuwa na mkia, mwezi ulikuwa mitatu, na miwani iliyonisaidia miaka michache ilikuwa imeacha kusaidia. Siku moja nilimwambia mzee wa Nainokanoka ampe ndama mililita kumi na moja. Mangi alikuwa nyuma yangu akipanga katoni.

"Saning'o, hebu soma tena."

Nikasoma. Kumi na moja.

Akaichukua chupa mkononi mwangu. "Ni moja, bwana. Moja tu. Ungemuulia mzee wa watu ndama wake."

Mzee alicheka, akidhani tunataniana. Mimi sikucheka. Tulipofunga duka Mangi aliniambia bila ukali kwamba atanisubiri nikatibiwe, ila macho yakishindikana itabidi atafute mtu mwingine. Jicho langu la kushoto lilikuwa bovu kuliko la kulia, na dokta alisema tuanze na la kulia, ndilo lenye matumaini zaidi. Kwa hiyo kazi yangu, na chakula cha Paskalina na cha binti yetu Neema, vyote vilikuwa ndani ya jicho moja.

Hospitali yenyewe iko ng'ambo ya Arusha, safari ya nusu siku kutoka Karatu. Niliandikwa kwenye orodha, nikaambiwa nisubiri kioo kingine kipatikane, wabadilishe changu kilichochongoka. Hapo ndipo nilipojifunza benchi. Benchi la kliniki ya macho lina desturi zake: unafika alfajiri, unaulizwa na aliyekutangulia kama ni la kulia au la kushoto, kisha mnasimuliana. Niliwahi kukaa na mwalimu mstaafu kutoka Mbulu, ambaye yeye alikwisha kushonwa. Aliniambia jambo moja nikalipokea kwa sikio hili likatokea lile.

"Kijana, ukisikia mchanga jichoni na ukiosha hautoki, huo si mchanga. Ni uzi umelegea. Usikae nyumbani."

Nikamwambia ahsante, mwalimu. Nilikuwa nafikiria chai.

Kioo hutoka kwa mtu aliyekufa, ambaye ndugu zake wamekubali. Dokta alinieleza hivyo waziwazi, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, nami nikatikisa kichwa kama mtu aliyesoma. Lakini mimi ni Mmaasai. Kwetu aliyekufa hatajwi jina lake tena. Mtoto akilitaja kwa bahati mbaya, watu wananyamaza mpaka mazungumzo yapate njia nyingine. Nilijua mama yangu, ambaye tunamwita yeyo, hangeweza kulala akijua mwanawe anatembea na kitu cha marehemu usoni. Aliponipigia simu baada ya oparesheni kuuliza nimefanywa nini, nilimjibu upesi.

"Wamelisafisha, yeyo. Wameniwekea dawa."

"Dawa gani?"

"Dawa ya macho."

Akashukuru Mungu. Nami nikajiona nimemhurumia.

Asubuhi ya kwanza bandeji ilipofunguliwa niliona dirisha. Moja, si matatu. Lilikuwa na ukungu na machozi, lakini lilikuwa dirisha moja lenye nondo, na nikazihesabu nondo zile kwa sauti mpaka nesi akaniambia inatosha, wenzako wamelala. Dokta alinionyesha picha ya jicho kwenye simu yake. Nyuzi nyeusi kumi na sita, nyembamba kuliko unywele, zimezunguka kioo kama miale ya jua anavyoichora mtoto wa chekechea. Nikamuuliza zinatoka lini. Akasema tutaanza kuziangalia baada ya miezi sita, na zitatoka moja moja, mbili mbili, kadiri jicho litakavyotaka. Sikuyapenda maneno hayo. Mimi nilitaka tarehe.

Masika ya kwanza nilikaa ndani. Usiiname. Usibebe. Usikaribie moshi. Usilale kifudifudi, usilale upande wa kulia, usifikiche hata ukiota ndoto. Paskalina ni Mwiraki wa Karatu hapahapa, na kwao mtu akipewa kazi anaifanya mpaka mwisho. Aliweka kengele kwenye simu kila baada ya saa mbili, na kengele ikilia, hata kama nipo msalani, nasikia mlangoni: "Baba Neema, kichwa juu." Tone lilishuka jichoni, na baada ya dakika uchungu wake naupata kooni. Kwa miezi mingi chai yangu ilikuwa na ladha ya dawa. Plasta ya kikinga ilinichuna ngozi ya shavu mpaka pakawa na alama nyekundu, na uso wangu kwenye kioo cha ukutani ulikuwa wa mtu aliyepigwa akashindwa kusema na nani.

Nitasema wazi kwamba nilikuwa na hasira. Neema alikuwa na miaka minne, na alizoea kunirukia nikirudi kazini. Sasa alifundishwa kusimama mbali, akanipungia mkono kana kwamba niko ndani ya basi linaloondoka. Siwezi kumbeba, siwezi kufunga kamba za viatu vyangu, siwezi kuchota maji. Kwa kuwa sikuwa na wa kumkasirikia, nilimkasirikia Paskalina. Nilimlaumu kwa chumvi, kwa pazia, kwa tone lililokosea njia likaangukia sikioni. Alivumilia wiki nyingi, kisha siku moja akaweka chupa ya dawa mezani mbele yangu.

"Weka mwenyewe."

Nikajaribu. Matone matano yaliishia shingoni. Nikamwita. Alikuja, akaweka, na mimi sikuomba radhi mpaka wiki iliyofuata.

Palikuwa na wema pia, nisiwe mchoyo wa kuusema. Mangi hakuniondoa kazini. Mteja wa Kimaasai akifika, alinipigia simu, akaweka spika juu ya meza ya duka, akanisomea maandishi ya chupa kwa Kiswahili, nami nikiwa kitandani nikimtazama popo wa darini nikayasema kwa Kimaasai. Wazee walizoea. Wengine walianza kuisalimia simu kabla ya kumsalimia Mangi.

Kiangazi kilipoingia, dokta alitoa nyuzi mbili za kwanza. Unaweka kidevu kwenye mashine, paji la uso kwenye mkanda, unaambiwa usipepese, na hapo hapo kope zako zinakumbuka kupepesa. Hakuna maumivu, kuna mguso tu. Nilitoka nje nikasoma kibao cha choo nikiwa ng'ambo ya ua. Nilifurahi siku tano. Siku ya sita maandishi yakaanza kuinamia upande. Hilo hakuna aliyenieleza vizuri: nyuzi zinavuta kioo, na kila unapotoa mmoja dunia inahama kidogo, unaanza kujifunza upya pa kuweka mguu. Nilimuuliza dokta kwa simu, akasema ni kawaida. Nilikuwa nimechoka na hilo neno kawaida.

Wakati huo ndipo yeyo alipopiga simu.

"Nasikia una jicho zuri sasa. Watu wa Karatu wote wameliona. Mimi sijaliona."

Paskalina alikataa. "Vumbi la Olbalbal na jicho hilo? Subiri mvua ianguke."

Nikamwambia nimeshasubiri vya kutosha. Nilipanda gari la wafanyabiashara wa mbuzi, nimevaa miwani mieusi na kujifunga shuka mpaka puani. Tulipita geti la hifadhi, tukazunguka ukingo wa kreta kwenye baridi, kisha tukateremka kwenye uwanda ambako hapakuwa na jani. Ng'ombe walikuwa wamepelekwa mbali kutafuta maji, na kila mguu ulioinuka uliacha wingu lake. Siku ya pili nilihisi mchanga jichoni. Nikaosha. Haukutoka. Nikasema ni Olbalbal hii, hakuna asiye na mchanga jichoni.

Yeyo ana ugonjwa wa macho tangu nimjue. Kope zake hugeukia ndani na kukwaruza jicho, kama ilivyo kwa wanawake wengi wa umri wake kule, na dawa yao ni kuzing'oa. Shingoni, katikati ya shanga, ananing'iniza kibanio kidogo cha chuma alichofuliwa na mhunzi kabla sijazaliwa. Kila baada ya siku chache hukaa juani na jirani, huyu akimng'olea yule, kisha wanabadilishana. Ni kazi ya watu wanaopendana, maana humpi jicho lako mtu usiyemwamini. Machozi yanamtoka muda wote, lakini kwa karibu mkono wake haukosei.

Siku ya tatu aliniona nikipepesa.

"Linakuuma?"

"Kuna kitu kama mchanga."

"Kaa hapa. Tazama juu."

Nikavua miwani, nikakaa kwenye kigoda chake, nikatazama juu. Nina mke, nina mtoto, nina kazi mjini, na niliambiwa tazama juu nikatazama. Aliinua kope kwa kidole gumba, akasogeza uso karibu mpaka nikasikia harufu ya ugoro.

"Ndiyo hii. Kope imeota vibaya, imesimama kabisa juu ya jicho. Sasa hao madaktari wako walisafisha nini?"

"Yeyo, ngoja."

Hakungoja. Nilihisi mvuto mdogo, kisha hakuna kitu. Akapangusa ncha ya kibanio nyuma ya kiganja chake, akanionyesha. Uzi mweusi, mfupi, umeshikwa na tongotongo, na mwishoni una kifundo.

"Umekiona?" Alikuwa anatabasamu.

"Nimekiona, yeyo. Ahsante."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema pale pale. Ningemwambia ni uzi, angeuliza wameshona nini. Ningesema wameshona kioo, angeuliza kioo cha nani. Nilimwona amefurahi, amemtibu mwanawe, na mchanga wenyewe ulikuwa kweli umetoka. Nikajidanganya kwamba uzi mmoja kati ya nyuzi kumi na nne zilizobaki si kitu, ulikuwa umelegea, hata dokta angeutoa. Kesho yake jicho likawa jekundu. Kesho kutwa jua likaanza kunichoma hata ndani ya nyumba, na uso wa yeyo ukawa nyuma ya maziwa. Magari yalikuwa hayapiti mpaka siku ya mnada. Nilikaa siku nne, nikisema vumbi, vumbi. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walinijua mimi.

Paskalina alinipokea kituoni, akaivua miwani yangu, akatazama. Tulipanda gari la kwenda hospitali siku ile ile.

Dokta aliniweka kwenye mashine, akalichunguza jicho pande zote. "Uzi wa hapa chini uko wapi?"

"Ulitoka wenyewe, dokta."

"Wenyewe?"

"Ndiyo."

"Nyuzi hulegea. Hukatika. Ila kutoka mzima bila kuguswa, bado sijaona." Akaandika kwenye faili. Kisha akaniambia kwamba kidonda kimeingiwa na wadudu, na mwili umeanza kukikataa kile kioo, na kwamba kama ningekuja siku ile ile lilipoanza kuwa jekundu, tungekuwa na mazungumzo mengine. Sasa angejaribu. Hakusema nitapona. Nilimsikiliza nasikia tu neno angejaribu.

Nililazwa siku kumi na nne. Matone yalikuwa kila saa, mawili tofauti, na Paskalina alikaa kwa shangazi yake mjini, akija kila asubuhi na uji. Siku ya tatu nilimwambia ukweli. Nilitegemea amlaani mama yangu, na kusema kweli ningefurahi akifanya hivyo, maana ningepata wa kugawana naye.

"Mama hana kosa," alisema. "Ameona kope, ameng'oa kope. Wewe ulijua ni uzi."

"Nilitaka asipate hofu."

"Basi sasa hofu nimeipata mimi. Ungeniuliza kama naitaka."

Hatukuzungumza siku mbili. Jicho halikuona hata nondo za dirisha. Nikilifumba lile la kulia na kulifumbua, hapakuwa na tofauti kubwa. Nilianza kufikiria Mangi akimfundisha kijana mwingine vipimo, na nilimchukia kijana huyo ambaye hata hakuwapo.

Ukungu ulianza kuondoka vuli ilipoanza, polepole mno. Leo naona kivuli cha kitanda, wiki ijayo naona mguu wa kitanda. Niliruhusiwa kurudi Karatu, na kengele ya Paskalina ikaanza tena. Mwezi wa kwanza dokta alitoa nyuzi tatu, na katikati ya masika nyingine tatu. Nilirudi dukani nusu siku, nikamsimulia Mangi yaliyonipata. Mangi alininunulia kioo cha kukuzia, akakifunga kwa kamba kwenye meza kwa sababu, alisema, mtu akikiona ataondoka nacho.

Muda wote huo yeyo hakujua. Nikimpigia simu nasema niko salama. Lakini habari za Ngorongoro hutembea kwa miguu na hufika. Binamu yangu alisikia kwa Mangi, akamwambia mkewe, na mvua zilipopungua yeyo alishuka mbele ya nyumba yetu bila kupiga simu, matope mpaka magotini. Neema akainamisha kichwa kumwamkia, yeyo akaweka kiganja juu yake, akaingia, akakaa. Hakutaka chai.

"Nimesikia nilikutoa uzi wa hospitali."

Nikamtazama Paskalina.

"Ni kweli au ni uongo?"

"Ni kweli, yeyo."

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

Alitazama mikono yake. "Miezi yote hii nimewaambia wanawake wa boma kwamba hospitali ilishindwa, nikakuponya mimi. Wamekuja kwangu na watoto wao niwatazame macho. Ukaniacha niseme hivyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hofu yake ya marehemu na sikujiandaa kwa aibu yake. Nikaona nisibakize kitu. Nikamweleza kioo ni nini, kimetoka kwa nani, na kwa nini kimeshonwa. Paskalina alisimama mlangoni na taulo mkononi. Yeyo aliweka kiganja mdomoni.

"Jina lake unalijua?"

"Hapana. Hawasemi."

"Vizuri," alisema. "Usiulize."

Basi. Maneno niliyoyaogopa mwaka mzima na zaidi, yaliyonifanya nikae Olbalbal siku nne jicho likioza, yalikwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Nilitaka kupiga kichwa changu ukutani, ila na hilo pia nimekatazwa.

"Siku ya hospitali ni lini?" akauliza. "Nakwenda."

Tulikwenda watatu. Kwenye benchi nilikaa katikati, Paskalina kulia, yeyo kushoto na shuka lake jekundu, na kila aliyepita alimsalimia yeye kwanza. Dokta alitoa nyuzi mbili. Kisha nikasoma ubao wa herufi kwa miwani mipya, nikafika mstari wa tatu kutoka chini, mstari ambao sikuwahi kuufikia tangu nikiwa sekondari. Dokta akasema kioo kimeshika. Akasema pia kwamba makovu ya maambukizi yale yatabaki, na kwamba nyuzi tano zilizosalia ataziacha zikae kwanza. Nikauliza mpaka lini. Unajua alivyojibu: kadiri jicho litakavyotaka.

Yeyo alikuwa amesimama karibu na mlango. Akasema kwa Kimaasai, "Mwambie mimi ndiye niliyetoa ule uzi."

Dokta akanitazama. "Mama anasemaje?"

Ndani ya chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na lugha zote mbili. Ningeweza kusema anashukuru. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, dukani na nyumbani, nikipunguza hapa, nikilainisha pale, ili kila mtu aondoke ameridhika.

"Anasema uzi ule haukutoka wenyewe," nilisema. "Aliung'oa yeye, akidhani ni kope. Mimi nilijua saa ile ile na sikumwambia, na wewe nikakudanganya."

Dokta hakushangaa. Akalifungua faili nyuma, akatafuta ukurasa, akaandika mstari mmoja. Kisha akamgeukia yeyo, wala si mimi, akasema kwamba jicho la kushoto nalo linahitaji kioo. Akasema kioo hicho kinaweza kukataliwa kama kilivyotaka kukataliwa hiki cha kulia. Jicho litashonwa hivi hivi, na nyuzi zitakaa zaidi ya mwaka. Alitaka kujua kama familia inakubali niandikwe kwenye orodha tena.

Nikamtafsiria yeyo yote, kukataliwa, kushonwa na huo mwaka. Sikupunguza. Mimi mwenyewe sikuwa nimeamua. Nilikuwa nimechoka, na moyoni nilitarajia atakataa, nipate wa kumsingizia.

Yeyo alisogea karibu na meza. "Akipatikana mwingine," alisema, "na huyo naye ana mama. Mwambie dokta amfikishie mama huyo shukrani kutoka kwa mama wa Saning'o. Na huyu wa kwanza pia, mama yake apelekewe. Halafu waandike jina lako."

"Anasemaje?" dokta aliuliza.

Nilifungua mdomo nikaanza na neno mama, na sikuweza kwenda mbele. Paskalina aliniwekea mkono mgongoni. Dokta akasubiri, kalamu ikiwa juu ya karatasi, mpaka nilipoweza kuyasema yote.